Vilima vya Austin ni vya Nani?

Msomaji atatuuliza: gazeti la wananchi lina kazi gani na mchezo wa gofu? Swali hili ni la haki. Mchezo huo twaujua. Katika miji yetu ya zama za ukoloni ulitengewa mahali pake, penye majani mazuri kuliko yote, karibu na nyumba za wakubwa, na Mwafrika aliyeonekana humo alikuwa ama kedi aliyebeba mfuko wa fimbo za bwana wake, ama mkata majani. Mzee akisikia neno gofu akageuza uso, hatumlaumu. Lakini leo twamwomba avumilie kidogo, maana habari tunayotaka kuizungumza ni ya uwanja mmoja ulioko Marekani, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha umma, ambao watu weusi waliingia wakacheza wakati ambapo viwanja vya namna hiyo katika majimbo ya Kusini vilikuwa vimefungwa kwao. Uwanja huo sasa unahesabiwa kwa bei ya ardhi, na wenye kuuhesabu ni wakubwa wa Chuo.

Uko Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas. Jina lake ni Lions Municipal, lakini wenyeji wamelifupisha wakauita Muny. Una ekari 141 na mashimo 18. Na mtu asidhani kwamba Texas yote ni tambarare kama meza. Austin umekaa juu ya mpaka wa nchi mbili. Upande wa mashariki ni mbuga ya udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua. Upande wa magharibi ardhi huinuka, mawe ya chokaa hutokeza, na vilima hufuatana mpaka macho yachoke. Muny umo upande huo wa magharibi, karibu na mto uitwao Colorado (si ule mkubwa wa Arizona, ni mwingine wa jina hilo hilo), kati ya mialoni ya miaka mingi. Mchezaji hupanda na kushuka siku nzima. Mara nyingi mguu mmoja huwa juu na wa pili chini anapopiga, na mpira ukianguka pabaya huteremka wenyewe mpaka bondeni. Shimo la 16 limepewa jina la Ben Hogan, bingwa mkubwa aliyezaliwa Texas, naye alikuwa mtu asiyetishwa kwa urahisi.

Tumetaja vilima na mbuga kwa sababu. Katika mji huo kimo cha ardhi kilikuwa siasa. Mwaka 1928 Baraza la Mji lilipokea mpango wa kuupanga mji, na ndani ya mpango huo liliandikwa wazi shauri la kuwakusanya watu weusi wote upande wa mashariki. Hawakuambiwa kwa bunduki wahame. Njia iliyotumika ilikuwa ya hila zaidi: shule za weusi, bustani zao na huduma nyingine za mji ziwekwe mashariki peke yake, ili mwenye watoto wa kusomesha afunge mizigo yake mwenyewe. Walikuwako watu weusi upande wa magharibi tangu zamani. Mtaa wa Clarksville, usio mbali sana na Muny, ulianzishwa mwaka 1871 na watu waliotoka utumwani. Watu wa mtaa ule walijua maana ya kunyimwa huduma mpaka uchoke uondoke mwenyewe. Wengine waliondoka, wengine waling'ang'ania. Basi weusi wakapewa mbuga, na weupe wakabaki na vilima.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe, na jinsi ilivyokuwa mali ya umma. Mwaka 1910 George Brackenridge, mwenye benki wa San Antonio, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa Chuo Kikuu cha Texas kwa miaka mingi, alikitolea Chuo hicho zawadi ya ekari kama 500 kandokando ya mto. Nia yake ilikuwa Chuo kihame kutoka katika kiwanja chake kidogo cha mjini, chenye ekari 40, kije kujengwa hapo penye nafasi. Mzee huyo alifariki mwaka 1920, na mwaka uliofuata Baraza la kutunga sheria la Texas liliamua kwamba Chuo kibaki mjini na kinunuliwe ardhi ya jirani. Zawadi ikabaki, mtoaji hayupo, na aliyepewa hakuitumia kwa kazi aliyoikusudia mtoaji. Mwaka 1924 chama cha Lions cha Austin kilikodi sehemu yake kikatengeneza uwanja wa gofu. Katika miaka ya 1930 kikaukabidhi kwa Baraza la Mji, ili mwananchi wa kawaida aweze kulipa kiingilio kidogo akacheza bila ya kuwa mwanachama wa kilabu chochote. Toka hapo mambo yakawa hivi: Chuo ndicho mwenye ardhi, Mji ndio mpangaji, na mchezaji ni yeyote yule. Yeyote mweupe, lazima tuongeze.

Chuo chenyewe nacho kilikuwa cha umma kwa jina. Kodi ilitozwa kwa wote, lakini mlango ulifunguliwa kwa rangi moja. Mwezi wa Februari 1946 mtu mweusi wa Houston, Heman Sweatt, aliyekuwa akifanya kazi ya kupeleka barua za posta, aliomba kusoma sheria katika Chuo hicho. Akakataliwa, na wakubwa hawakuficha kwamba sababu ni rangi yake. Alipokwenda mahakamani, Serikali ya Texas ilikimbilia kufungua shule nyingine ya sheria kwa ajili ya weusi, katika vyumba vya chini vya jengo moja mjini Austin, ili ipate kusema kwamba imetimiza sheria ya wakati ule: wawe mbali, lakini wawe sawa. Msomaji aangalie usawa wenyewe. Chuo kimoja kina maktaba, walimu na jina la miaka mingi. Kingine kina vyumba vichache chini ya sakafu. Wakili wa Sweatt alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama hiyo iliamua kwamba Sweatt apokewe. Akaingia darasani mwezi wa Septemba. Hakumaliza masomo, na twadhani mtu aliyepigana miaka minne ili akae kwenye kiti halaumiwi kwa kuchoka alipokifikia.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1950, katika ardhi ya Chuo kile kile, watoto wawili weusi waliingia katika uwanja wa Muny, wakaweka mpira chini, wakaanza kucheza. Mmoja wao alikuwa kedi, na umri wake ulikuwa miaka 9.

Hebu tutue hapa, maana habari ni fupi na ni rahisi kuipita. Kedi huujua uwanja kuliko bwana wake. Anajua kilima kipi kinadanganya macho, upepo unakogeukia mchana, na majani yaliyokatwa fupi yanausukuma mpira upande gani. Amebeba mzigo juu ya vilima hivyo mara nyingi, kwa malipo madogo, akiangalia watu wazima wakikosea na kuwatafutia mipira yao vichakani. Mtoto huyo alikuwa na elimu ya uwanja ule kichwani mwake, na alikosa kitu kimoja tu, ruhusa. Siku ile aliingia bila ya ruhusa. Hakuwa na wakili wala chama nyuma yake, na huenda hata mama yake hakujua alikokwenda.

Simu ikapigwa kwa Meya wa mji, Taylor Glass: weusi wako uwanjani, tufanye nini? Kwa desturi ya Kusini jibu lilikuwa linajulikana, waitwe polisi. Meya akashauriana na wenzake wa Baraza, na miongoni mwao alikuwamo Bibi Emma Long, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza hilo, mwaka 1948. Uamuzi ukawa waachwe wacheze. Halikupigwa tangazo, wala mkutano wa hadhara haukuitwa. Kufika mwaka 1951 watu weusi walikuwa wakicheza Muny, na wataalamu wa historia wanauhesabu uwanja huo kuwa huenda ndio wa kwanza miongoni mwa viwanja vya gofu vya miji ya Kusini kufunguliwa kwa rangi zote. Bingwa wa ndondi wa dunia, Joe Louis, aliyependa gofu kupita kiasi, alicheza hapo katika miaka ya 1950. Kumbuka kwamba mwaka 1952 bwana huyo huyo alipotaka kucheza katika mashindano ya San Diego, chama cha wachezaji wa kulipwa kilimwekea kizuizi kwa ajili ya rangi, mpaka makelele yalipozidi kikalegeza kwake yeye peke yake. Sheria ya chama hicho ya kuwataka wanachama weupe tu haikufutwa mpaka 1961. Na haya yalikuwa katika mchezo ambao kijiti cha mti cha kuwekea mpira kilipewa hataza ya serikali mwaka 1899 kwa jina la George Grant, daktari wa meno wa Boston, mtu mweusi.

Wako wanaomsifu sana Meya Glass kwa busara yake. Sisi twamsifu kwa kiasi. Alifanya jambo jema pale ambapo wengi wangefanya baya, na mtu akifanya jema aambiwe. Lakini haki iliyotolewa kwa kunyamaza ina upungufu wake: hakuna aliyekiri kosa. Mji uliowanyima watu uwanja kwa miaka zaidi ya ishirini uliacha kuwanyima, basi, ukaendelea na shughuli zake, na mpango wa 1928 ukaendelea kufanya kazi yake mitaani. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa miaka 9. Watu wazima hawakuufunga tena, na hiyo ndiyo sifa yao.

Ili tupime uzito wa jambo hilo, tutazame yaliyotokea kwingine. Greensboro, katika jimbo la North Carolina, palikuwa na uwanja wa mji uitwao Gillespie Park. Mji ulipoona madai ya watu weusi yanakuja, mwaka 1949 uliukodisha uwanja kwa kilabu, kwa dola moja kwa mwaka. Hivyo ardhi ya umma ikavaa kanzu ya mtu binafsi, na mlinzi wa mlangoni akawa na la kusema: hapa ni kwa wanachama. Mwezi wa Desemba 1955 watu weusi sita, mmoja wao daktari wa meno George Simkins, walilipa kiingilio wakacheza. Wakakamatwa kwa kosa la kuingia mahali pasipo pao, wakahukumiwa siku 30 kifungoni. Kesi ilifika Mahakama ya juu, nayo mwaka 1960, kwa majaji watano dhidi ya wanne, haikuwaokoa. Ni Gavana aliyewaondolea kifungo. Na mahakama nyingine ilipoamuru uwanja ufunguliwe kwa wote, Mji uliona afadhali kuufunga kabisa. Ulifunguliwa tena mwaka 1962, mashimo yakiwa 9 badala ya 18. Mtu aliyekataa kula sahani moja na jirani yake aliivunja sahani.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Katika historia ya Marekani, njia mojawapo ya kumtoa mwananchi katika mali yake ilikuwa kuibadilisha mali hiyo kutoka ya umma kuwa ya binafsi. Hatusemi kwamba wakubwa wa Chuo cha Texas wa leo wana nia ya wale wa Greensboro. Nia zao hatuzioni. Twaona matendo, na twaona kwamba mlango ukifungwa kwa bei hufungwa kama ulivyofungwa kwa rangi, na mara nyingi wanaobaki nje ni watu wale wale.

Matendo yenyewe ni haya. Mwaka 1973 Chuo kilipotangaza nia ya kuiuza ardhi ya zawadi ya Brackenridge, wananchi walijikusanya kuutetea uwanja, na utetezi huo haujafa hata leo. Mwezi wa Februari 2011 Baraza la Wasimamizi liliamua kwamba mkataba wa Mji ukimalizika mwaka 2019 usitolewe tena. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani iliuandika Muny katika daftari la taifa la mahali pa historia, kwa sababu ya wale watoto na yaliyofuata. Daftari hilo ni la heshima tu. Halimzuii mwenye ardhi kuleta matingatinga. Mwaka 2017 palikuwa na mswada katika Baraza la kutunga sheria wa kuuokoa uwanja, ukapita upande mmoja, ukafia upande wa pili. Ulipofika mwaka 2019 mkataba haukukatwa wala haukufanywa upya kwa miaka mingi; umekuwa ukisogezwa muda mfupi mfupi. Mpangaji anayeishi hivyo hapandi mti wala hatengenezi mabomba ya maji. Uwanja huzeeka mikononi mwake, kisha mwenye nyumba husema, tazameni, umechakaa.

Twajua majibu ya upande wa pili, na baadhi yake yana nguvu. La kwanza, Chuo kina wajibu wa kuitumia mali yake kwa elimu, na ardhi ya ekari 141 karibu na katikati ya mji unaopanuka kama Austin ina thamani kubwa mno. La pili, watu wanataka nyumba, na gofu hunywesha maji majani ili watu wachache wapige mpira. Jibu hili la pili hatuwezi kulidharau. Gazeti la wananchi haliwezi kumwambia mfanya kazi asiye na chumba kwamba majani yana haki kuliko yeye. Kama wakubwa wa Chuo wangesimama hadharani na karatasi iliyotiwa sahihi, ikisema kwamba juu ya vilima hivi zitajengwa nyumba za wanafunzi maskini, wafagiaji, wapishi na wauguzi, kwa kodi wanayoiweza, na za kutosha kwa wale ambao babu zao walisukumwa mashariki mwaka 1928, basi sisi tungeyafikiria upya maneno yetu. Karatasi hiyo hatujaiona. Tulichokiona ni hesabu ya mapato. Na ardhi ya vilima, yenye mialoni na mto chini yake, ikiuzwa kwa bei ya juu, haitakaliwa na mfagiaji.

Kuhusu jibu la kwanza, twauliza elimu ni nini. Chuo hicho kilimkataa Sweatt kwa elimu yake yote. Vijana weusi wa shahada ya kwanza hakikuwapokea mpaka 1956, na katika timu yake ya kandanda ya Kimarekani mchezaji mweusi hakuonekana katika kikosi kikubwa mpaka 1970. Yaani mtoto wa miaka 9 alicheza juu ya ardhi ya Chuo miaka mingi kabla ya kijana wa miaka 20 kuruhusiwa kuivaa jezi yake. Kama Chuo kinatafuta somo la kuwafundisha wanafunzi wake juu ya historia yao wenyewe, limelala pale upande wa magharibi, na mwanafunzi anaweza kulikanyaga kwa miguu. Wenzake wa zamani wanaujua uwanja huo. Ben Crenshaw na Tom Kite, vijana wa Austin waliosoma katika Chuo hicho hicho wakawa mabingwa wa dunia, walicheza Muny tangu udogo wao, na Crenshaw amekuwa mstari wa mbele kuutetea.

Tena kuna jambo dogo ambalo laudhi. Mbali zaidi magharibi, ndani kabisa ya vilima, uko uwanja mwingine wa gofu wenye jina la Chuo Kikuu cha Texas, uliofunguliwa mwaka 2003, na timu za Chuo hufanyia mazoezi huko. Ni mzuri, twaambiwa. Ni wa kilabu, kwa wanachama. Kwa hiyo wakubwa wakisema kwamba gofu si kazi ya Chuo, twawaomba waseme vizuri: ni gofu ipi ambayo si kazi ya Chuo, ile ya kilabu au ile ya yeyote anayekuja na kiingilio chake?

Wasimamizi ni watu 9, wameteuliwa na Gavana, hawakupigiwa kura na mtu. Lakini ardhi si yao. Waliipokea kutoka kwa waliowatangulia, nao waliipewa na mzee aliyetaka ipanue elimu ya watu wa Texas wote. Wana njia zaidi ya moja. Waweza kuuzia Mji au Serikali ya jimbo uwanja huo kwa bei ya haki, ubaki wa umma daima. Waweza kutoa mkataba wa miaka mingi, wenye kodi inayolipika, na kujenga nyumba katika sehemu nyingine za zawadi ile ile, maana Muny si ardhi yote. Au waweza kuendelea kusogeza mwezi kwa mwezi mpaka wazee wanaokumbuka mwaka 1951 wamalizike, kisha waseme hapana aliyekuja kupinga.

Twataka wachague hadharani, mchana, mlango ukiwa wazi, na watu wa upande wa mashariki wakiwa wamealikwa na kupewa viti vya mbele.